Kujenga saketi za kupokelea SSB katika redio ya kujitengenezea ya mita 40

Anayewasha redio ya kawaida ya masafa mafupi usiku na kuipeleka kwenye megahezi 7.1 husikia watu wakizungumza kwa sauti iliyobanwa, mithili ya bata, na haambulii hata neno moja. Kosa si la antena wala la spika. Wanaredio wa ridhaa wanaotumia masafa hayo hurusha SSB, yaani ukanda mmoja tu wa pembeni, na redio ya kawaida haina saketi ya kuifungua. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzijenga saketi hizo kwa mkono, kwa kutumia vipuri vinavyopatikana bila shida kubwa, mpaka upate redio inayomtoa mzungumzaji kwa sauti yake mwenyewe.

Sauti inapopandishwa juu ya wimbi la redio kwa njia ya AM hutokea vitu vitatu: wimbi mbebaji katikati, na kanda mbili za pembeni, moja juu na nyingine chini, zinazofanana kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Wimbi mbebaji halina neno lolote ndani yake ingawa linakula sehemu kubwa ya nguvu, na kanda mbili zinabeba habari ileile. John Renshaw Carson, mhandisi wa Marekani, aliliona hilo mapema na kuwasilisha ombi la hataza mwaka 1915, na simu ya kwanza ya biashara ya redio kati ya New York na London, iliyofunguliwa Januari 1927, ilitumia ukanda mmoja peke yake. Mtumaji wa SSB hulifuta wimbi mbebaji, hukata ukanda mmoja, kisha hutuma uliobaki. Kwa hiyo mpokeaji ana kazi mbili ambazo redio ya AM haina: kulirudisha lile wimbi mbebaji mahali palepale lilipokuwa, na kuuziba upande ule ambao mtumaji hakuutumia ili kelele na stesheni za jirani zisiingie kupitia huko. Kazi ya kwanza hufanywa na osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, ambayo mafundi huiita BFO, na ya pili hufanywa na kichujio cha fuwele, vile vipande vya kwatzi vinavyotetemeka kwa masafa maalumu. Nimeona redio nyingi za kujitengenezea ambazo wajenzi wake walijitahidi sana kwenye antena na kipaza sauti, wakayafanya haya mawili kwa haraka, kisha wakalalamika kwamba sauti haieleweki. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye kichujio na BFO, na sehemu nyingine nitazipitia kwa ufupi.

Mpango wa masafa

Nimechagua bendi ya mita 40 kwa sababu ina watu mchana na usiku: mchana husikika stesheni za umbali wa mamia ya kilomita, na giza likiingia huja za mbali zaidi. Afrika imo katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambako bendi hii ni megahezi 7.000 hadi 7.200. Kwa desturi ya wanaredio duniani kote, sauti chini ya megahezi 10 hutumwa kwa ukanda wa chini, ambao huitwa LSB, na juu ya hapo hutumwa kwa ukanda wa juu, USB. Redio yetu basi itakuwa ya LSB.

Mawimbi yanayoingia kutoka antena huchanganywa na osileta inayobadilika, VFO, ili kupata masafa maalumu ya ndani ya redio ambayo huitwa IF. Hapa IF ni megahezi 10, kwa sababu fuwele za megahezi 10 ni za bei nafuu na ziko kila mahali. VFO itatembea kati ya megahezi 2.8 na 3.0. Ukijumlisha 7.1 na 2.9 unapata 10, na ukijumlisha 7.0 na 3.0 unapata 10 vilevile, kwa hiyo VFO ikishuka redio inapanda. Ashhar Farhan wa India aliifuata njia hiyohiyo katika BITX, redio yake ya kujitengenezea ya mita 20, yenye fuwele za megahezi 10 na VFO ya karibu megahezi 4, na mpango huo umethibitika mikononi mwa wajenzi wengi. Faida yake ni kwamba VFO ya masafa ya chini hutulia kuliko ya masafa ya juu, na taswira, yaani yale masafa mengine ambayo nayo yangeweza kuleta IF ya 10, iko kwenye megahezi 13, mbali kabisa na bendi yetu, kiasi kwamba kichujio cha mlangoni kinaizuia bila taabu.

Ni muhimu kufuatilia upande wa ukanda kwa hesabu kabla ya kushika chuma cha solda. Chukua mtu anayetuma LSB kwenye 7.100 na kupiga mluzi wa kilohezi 1. Hewani mluzi huo uko kwenye 7.099. VFO ikiwa 2.900, mluzi unafika kwenye IF ukiwa 9.999, na wimbi mbebaji lililofutwa lingekuwa 10.000. Kwa kuwa tumejumlisha, ukanda haukupinduka, na bado uko chini ya mbebaji. Hivyo BFO lazima ikae kwenye ukingo wa juu wa kichujio. Kama VFO ingekuwa megahezi 17.1 na IF ikapatikana kwa kutoa, ukanda ungepinduka na BFO ingehamia ukingo wa chini. Wajenzi wengi hukosea hapa, kisha wanatafuta kosa kwenye soketi na waya kwa siku tatu.

Kuzipima na kuzichagua fuwele

Kichujio chetu ni cha ngazi, aina inayoitwa Cohn, chenye fuwele nne zinazofuatana na kapasita za thamani moja. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji koili wala hesabu ndefu, lakini kinadai jambo moja bila msamaha: fuwele zote nne ziwe na masafa yanayokaribiana sana. Fuwele nne ulizotoa tu kwenye mfuko zinaweza kupishana kwa hezi mia kadhaa, na katika kichujio chenye upana wa kilohezi 2.5 tofauti hiyo inaharibu kila kitu. Cha kwanza nilichojenga nilikiunga namna hiyo. Nilisikia watu, lakini sauti ilikuwa na mashimo ndani yake, herufi nyingine zikipiga kelele na nyingine zikimezwa, na nilipokipima baadaye nikakuta sehemu ya kupitisha ina mabonde mawili. Tangu hapo sijawahi kuunga fuwele ambayo sijaipima.

Nunua fuwele 15 hadi 20 za mfuko mmoja, za aina ya HC-49 yenye kopo refu ikiwezekana. Jenga osileta ndogo ya Colpitts kwa transista 2N3904: kapasita ya pikofaradi 470 kati ya besi na emita, nyingine ya 470 kati ya emita na graundi, rezista ya kiloomu 2.2 kutoka emita hadi graundi, rezista mbili za kiloomu 47 za kuipatia besi volti zake, na fuwele kati ya besi na graundi. Mguu wa fuwele unaokwenda graundi upitie kapasita ya pikofaradi 33 ambayo swichi ndogo inaweza kuifunga ili isifanye kazi. Kipima masafa chenye uwezo wa kuonyesha hezi 10 kinatosha.

Weka kila fuwele kwenye soketi, swichi ikiwa imeifunga ile kapasita, kisha subiri. Kopo lililotoka mikononi lina joto la vidole, na utaona tarakimu za mwisho zikitembea kwa hezi kadhaa mpaka lipoe, na ukiandika mapema umeandika joto la kidole chako. Mimi huzishika kwa kibano, huhesabu hadi 30, ndipo naandika tarakimu nne za mwisho kwenye kipande cha karatasi ya gundi na kukibandika juu ya kopo. Zikiisha zote nazipanga mezani kutoka ndogo hadi kubwa, na hapo makundi hujionyesha yenyewe. Tafuta nne zinazopishana kwa hezi zisizozidi 50 au, ukikosa, 100. Ya tano, ambayo ni ya BFO, iwe ile yenye masafa ya juu kidogo kuliko hizo nne.

Sasa fungua swichi ili pikofaradi 33 ziingie kazini, na uangalie masafa yamepanda kwa kiasi gani. Hii ndiyo njia inayojulikana kwa alama ya wito ya mwanaredio aliyeibuni, G3UUR, nayo inakupa kapasita ya ndani ya fuwele kwa hesabu ya mstari mmoja: zidisha mara mbili ongezeko la masafa, zidisha kwa jumla ya 33 na kapasita ya kopo na waya (chukua 5), kisha gawa kwa masafa ya fuwele. Ongezeko la hezi 2,000 kwenye megahezi 10 linatoa pikofaradi 0.0152. Thamani hiyo ndogo ndiyo inayoamua kapasita za kichujio. Kwa Cohn, kapasita ni 1.41 mara kapasita hiyo ya ndani mara masafa, gawa kwa upana unaoutaka. Kwa upana wa hezi 2,400 hesabu inaleta pikofaradi 89. Dukani utapata 82 au 100. Ya 82 inatoa upana wa hezi 2,600 hivi, na ya 100 inatoa 2,150. Kwa sauti ya mtu napendelea 82, kwa sababu hezi 2,150 hufanya herufi za s na f zifanane.

Kukiunga kichujio

Ishara inaingia kupitia kapasita ya 82, inapita fuwele ya kwanza, kisha panakuwa na kapasita ya 82 inayoshuka graundi. Inapita fuwele ya pili, kapasita nyingine graundi. Ya tatu, kapasita nyingine graundi. Ya nne, halafu inatoka kupitia kapasita ya 82. Jumla ni kapasita tano, na zote ziwe za aina ya NP0 kwa sababu aina nyingine hubadilika na joto. Nafanya kazi hii juu ya kipande cha bodi ya shaba isiyochongwa, ambayo yote ni graundi, nikizipanga fuwele kwenye mstari ulionyooka na kuyaunga makopo yake kwenye shaba kwa tone dogo la solda pembeni. Gusa kwa sekunde mbili tu, kwa chuma chenye moto wa kutosha. Chuma baridi kinachokaa sekunde kumi ndicho kinachoharibu fuwele. Mlango wa kuingilia na wa kutokea viwe ncha mbili za mstari, kamwe visikutane, na katikati simamisha kibati kidogo cha shaba. Mawimbi yanayokizunguka kichujio kwa kuruka kutoka mlango hadi mlango yanaifuta kazi yote ya kuchagua fuwele.

Kila kichujio kina kizuizi chake, yaani omu kinazotaka kuziona kila upande. Kwa Cohn ni sawa na mwitiko wa kapasita ileile, na pikofaradi 82 kwenye megahezi 10 ni omu 194, tuseme 200. Ukiupuuza upande huu, kichujio kilichojengwa kwa fuwele bora kabisa kitakuwa na mabonde kama cha fuwele za kuokota. Miksa, yaani saketi za kuchanganya masafa, tutakazotumia zina omu 1,500, kwa hiyo kila upande tunaweka transfoma ndogo iliyozungushwa kwenye toroidi, pete ya kuzungushia waya, ya FT37-43: mizunguko 16 upande wa miksa na 6 upande wa kichujio. Uwiano huo unaibadilisha omu 1,500 kuwa 211, na hiyo inatosha kabisa. Waya ni ule wa shaba wenye vanishi, wa kusukia mota. Kwaruza vanishi vizuri kwenye ncha kabla ya kuunga.

Mwenye NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia vichujio na antena, anaweza kukitazama kichujio kabla ya kukitia kwenye redio. Kifaa hicho kina omu 50, hivyo weka rezista ya omu 150 mfululizo kila upande ili kichujio kione 200, na usishtuke ukiona upotevu ni mkubwa kuliko ulivyotarajia, kwani sehemu yake ni ya hizo rezista. Tazama zaidi umbo. Utaona ukingo wa juu umesimama kama ukuta na wa chini umelala kama kilima. Hiyo ni tabia ya ngazi ya aina hii, na kwetu ni bahati njema, maana BFO yetu inakaa upande wa ukuta na ukanda usiotakiwa unakatwa vikali. Andika masafa ya ukingo wa juu, utayahitaji punde.

Miksa mbili na BFO

IC ninayotumia kwa kuchanganya ni NE612, ambayo pia huuzwa kama SA612 na, kwa jina la zamani, NE602. Ina miguu minane, inakula miliampea 2.4 hivi, na inaongeza nguvu ya ishara kwa desibeli 17 wakati inachanganya. Volti zake zisizidi 8, hivyo ipewe volti 6 kutoka kidhibiti volti cha 78L06, kwenye mguu wa 8, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyo karibu kabisa na mguu huo. Mguu wa 3 ni graundi.

Ya kwanza hupokea antena kwenye miguu 1 na 2 na VFO kwenye mguu wa 6 kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Mguu wa 7 unaachwa wazi. VFO iwe na milivolti 200 hadi 300 kutoka kilele hadi kilele. Tokeo linachukuliwa mguu wa 4, kupitia mikrofaradi 0.1, hadi upande wa mizunguko 16 wa transfoma, na ncha ya pili ya mizunguko hiyo iende graundi. Usiunge transfoma moja kwa moja kati ya mguu wa 4 na graundi bila kapasita, kwa sababu mguu huo una volti za ndani.

Ya pili ndiyo inayofungua SSB. Upande wa pili wa kichujio unaingia mguu wa 1 kupitia transfoma yake na kapasita ya 0.1, na mguu wa 2 unashushwa graundi kwa 0.1. BFO inajengwa kwa osileta iliyomo ndani ya IC hiyohiyo: pikofaradi 100 kati ya mguu wa 6 na wa 7, pikofaradi 100 kati ya mguu wa 7 na graundi, na fuwele ya tano kutoka mguu wa 6 kwenda graundi kupitia kapasita ya kurekebisha, ile trima ya pikofaradi 10 hadi 60. Trima iliyo mfululizo na fuwele huyavuta masafa juu, na juu ndiko tunakotaka. Kwa fuwele ya mfano wetu, katikati ya kichujio huangukia karibu kilohezi 1.7 juu ya masafa ya asili ya fuwele, na ukingo wa juu karibu kilohezi 3. BFO inatakiwa ipite ukingo huo kwa hezi 200 hadi 300, na trima ikifika karibu pikofaradi 30 inakuwa imefika hapo. Kama ukanda ungekuwa wa upande wa pili, tungeiondoa trima na kuweka koili ndogo ili kuyavuta masafa chini.

Kwa nini hezi 300? Sauti ya mtu kwenye redio haipotezi maana ikikatwa chini ya hezi 300, na ukiiweka BFO pale kwenye mteremko wa ukuta, zile sauti nzito zinapungua kidogo na mabaki ya ukanda wa pili yanazimika. Ukiisogeza ndani zaidi, sauti inakuwa nzito na stesheni za upande wa pili zinaanza kupenya. Ukiisogeza nje zaidi, mzungumzaji anakuwa na sauti kali ya bati, kana kwamba anaongea ndani ya debe. Tofauti ya hezi 150 tu huisikia hata mtu asiyejua chochote kuhusu redio.

Mlango wa antena, VFO na sauti

Mlangoni weka kichujio cha koili mbili. Kila koili ni mizunguko 27 kwenye toroidi ya T50-6, ile ya njano, ambayo inatoa mikrohenri 2.9, pamoja na pikofaradi 150 na trima ya pikofaradi 30. Koili hizo zinashikana kwa kapasita ya pikofaradi 4.7 upande wa juu. Antena inaingia kwa mizunguko 3 juu ya koili ya kwanza. Miksa inachukua kwa mizunguko 16 juu ya koili ya pili, ncha moja mguu wa 1, ncha nyingine mguu wa 2, na mguu wa 2 unashushwa graundi kwa 0.1. Kati ya antena na kichujio hiki weka potenshomita ya kiloomu 1 kama kipunguza nguvu. Usiache kuiweka. Katika kanda yetu stesheni kubwa za utangazaji zinaanzia megahezi 7.2, ukutani kabisa mwa bendi, na NE612 huzidiwa upesi. Usiku, ukipunguza antena kidogo, sauti uliyoitafuta mara nyingi hutokeza pale ulipodhani hakuna mtu.

VFO ya koili bado naipenda, ingawa moduli ya Si5351, osileta ya kidijitali, pamoja na kompyuta ndogo ya Arduino Nano ya kuiongoza, hufanya kazi hiyo vizuri na karibu haihami. Atakayeichagua apunguze nguvu yake kwa rezista kabla ya mguu wa 6. Kwa ya koili, tumia transista ya J310 katika mpango wa Hartley: mizunguko 45 kwenye T68-6, mikrohenri 9.5, yenye tawi robo ya njia kutoka graundi linalokwenda mguu wa sosi wa transista. Kapasita ya kudumu ni 220 sambamba na 47, zote NP0, pamoja na trima ya 30. Ya kutafutia stesheni inaweza kutoka redio ndogo iliyokufa: ile ya plastiki yenye pikofaradi 5 hadi 140, ikiwekwa mfululizo na 82, inatembeza VFO kutoka 2.8 hadi 3.0 na ziada kidogo. Funga mizunguko kwa rangi ya kucha, iweke VFO kwenye boksi lake la bati, na uipe volti zilizotulia. Baada ya kuunga kitu chochote ndani yake, iache nusu saa ndipo uipime. Tokeo lipitie transista moja ya kuitenga, 2N3904 inayotoa kwenye emita, kisha potenshomita ndogo ya kupimia zile milivolti 250.

Sauti inatoka miguu 4 na 5 ya miksa ya pili. Weka nanofaradi 22 kati ya miguu hiyo ili kukata mvumo wa juu, halafu toa mguu wa 4 kupitia mikrofaradi 1 hadi potenshomita ya kiloomu 10 na mguu wa 3 wa LM386, IC ya kukuza sauti. Mikrofaradi 10 kati ya miguu 1 na 8 inaipandisha mara 200. Mguu wa 5 unakwenda spika ya omu 8 kupitia mikrofaradi 220, na kutoka mguu huohuo rezista ya omu 10 na nanofaradi 47 mfululizo zishuke graundi. Bila hizo IC inaweza kuanza kuimba yenyewe. Umeme wa mguu wa 6 upitie rezista ya omu 10 na mikrofaradi 220 ya kwake.

Kurekebisha kwa sikio

Washa redio bila antena, ongeza sauti, na usikilize mvumo. Trima ya BFO ikiwa imezungushwa katikati ya kichujio, mvumo ni mzito kama mvua ya mbali juu ya bati. Izungushe polepole kwa bisibisi ya plastiki, kwa kuwa ya chuma inabadilisha masafa yenyewe, na mvumo utapanda mpaka uwe mwembamba, kisha utazimika. Rudi nyuma kidogo kutoka pale unapozimika. Mwenye kipima masafa alinganishe na ukingo aliouandika.

Sasa unga antena. Waya wa mita 20 unatosha kuanzia, au dipoli yenye mbawa mbili za mita 10. Kama unatumia betri ya sola, ichomoe kwanza kwenye kidhibiti chaji, kwa sababu vidhibiti vingi hutoa kelele nene kwenye masafa haya. Rekebisha trima mbili za mlangoni mpaka kelele iongezeke ukiwa kwenye 7.1. Kisha panda hadi juu ya 7.2, utafute stesheni ya utangazaji, na uipite polepole kutoka juu kwenda chini. Mbebaji wake atatoa mluzi unaoshuka, unaokuwa mzito, unaopotea. Endelea kuzungusha upande uleule. Kama kichujio na BFO viko sawa, upande wa pili kutakuwa kimya au mluzi hafifu sana. Kama mluzi unarudi kwa nguvu ileile, BFO iko ndani mno ya kichujio, au ishara inakizunguka kichujio. Rudi kwenye trima kwanza, na kama haibadiliki, kagua kile kibati cha katikati.

Ukimpata mtu anayezungumza, sogeza VFO kidogo kidogo kutoka upande mmoja. Sauti itaanza ikiwa nyembamba, itashuka, na ghafla itakuwa ya binadamu. Ukipitiliza inakuwa ya kukwaruza na nzito. Kosa la hezi 50 linavumilika, la 150 linachosha, ndiyo sababu kitufe cha VFO kinahitaji gia ya kupunguza mwendo. Ukikuta kwamba kila mtu bendi nzima ana sauti ya debe hata pale anapoeleweka vizuri kabisa, usilaumu watumaji. Izungushe trima ya BFO kwa robo ya robo mzunguko kuelekea kichujio, umtafute mtu huyohuyo tena, na uendelee hivyo mpaka kifua chake kisikike. Kisha weka tone la rangi ya kucha juu ya trima, na uandike alama za kilohezi kwenye bamba la mbele. Redio hii ni ya kupokea tu. Anayetaka kutuma anahitaji leseni na alama yake ya wito, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na huanza na 5H, na kwa Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko na huanza na 5Z.